Yosefu Mukasa Balikuddembe: Mtumishi Aliyemwambia Mfalme Ukweli

UTANGULIZI

Wahenga walinena kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hawakunena kwamba ni mpenzi wa mfalme. Katika historia ya Afrika Mashariki ni watu wachache ambao maisha yao yanaudhihirisha ukweli wa kauli hiyo kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi mkuu wa nyumba ya Kabaka wa Buganda, aliyeuawa tarehe 15 Novemba mwaka wa 1885 akiwa na umri wa takriban miaka ishirini na mitano. Yeye ndiye Mkatoliki wa kwanza kuifia imani yake nchini Uganda. Hata hivyo, jina lake mara nyingi hufunikwa na lile la Karoli Lwanga na wenzake walioteketezwa Namugongo mwaka uliofuata, kana kwamba yeye alikuwa utangulizi tu wa kisa hicho kikubwa.

Mukasa hakuuawa kwa sababu ya kusali tu. Wengi walisali katika jumba lile, na mfalme alijua. Aliuawa kwa sababu alimkanya mfalme wake kwa jambo lililohusu damu ya mtu, naye alimkanya kwa kuwa alimpenda na kumtii. Ili kuelewa jinsi utiifu ulivyogeuka kuwa kosa la kufisha, hapana budi kuirejelea Buganda aliyokulia.

BUGANDA YA KABAKA MUTESA

Mukasa alizaliwa mnamo mwaka wa 1860, wakati Buganda ilikuwa dola lenye nguvu kando ya ziwa ambalo Waganda huliita Nalubaale. Kama ilivyokuwa desturi, machifu walipeleka vijana wao katika jumba la Kabaka ili wawe watumishi. Huko walijifunza adabu, mashauri na siri za utawala. Aliyempendeza mfalme huenda angekuwa chifu siku moja, na aliyemkosea angeweza kupoteza kiungo cha mwili au uhai kabla ya jua kutua. Jumba lilikuwa shule na lilikuwa mtego. Mukasa aliingia humo akiwa angali mdogo, katika zama za Kabaka Mutesa wa Kwanza.

Mutesa alikuwa mfalme mwenye kiu ya maarifa. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wameanza kufika Buganda tangu enzi za babake, Kabaka Suna, wakileta vitambaa, bunduki na dini ya Kiislamu, na wakiondoka na pembe za ndovu na watumwa. Kwa miaka kadhaa Mutesa alifuata taratibu za Kiislamu na kufunga mwezi wa Ramadhani. Pamoja na misafara hiyo kilifika Kiswahili, na kufikia miaka ya 1870 lugha hii ilikuwa ikisikika na kueleweka miongoni mwa wakuu wa jumba. Henry Morton Stanley alipomzuru Mutesa mwaka wa 1875, alimwachia kijana aliyeitwa Dallington Muftaa, aliyekuwa amesomeshwa na wamisionari wa Unguja, ili amsomee mfalme na kumfasiria Maandiko. Hivyo basi, sehemu za kwanza za Biblia ziliingia katika masikio ya Waganda kupitia Kiswahili.

Ni muhimu kukumbuka pia kwamba Wakristo hawakuwa wa kwanza kuuawa Buganda kwa sababu ya dini. Mnamo mwaka wa 1876 Mutesa aliamuru kuuawa kwa vijana Waislamu wa jumba lake waliokataa kula nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu na waliotilia shaka haki ya mfalme ya kuwaongoza katika sala. Walichomwa moto Namugongo. Tangu hapo ilibainika kwamba mfalme aliweza kuikaribisha dini yoyote ile, mradi isimfundishe raia kumtii mwingine kuliko yeye.

WASOMAJI

Wamisionari wa Kianglikana walifika mwaka wa 1877. Tarehe 17 Februari 1879 wakatia nanga Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, wale ambao kutokana na mavazi yao wamezoeleka kwa jina la White Fathers. Waganda walimwita Lourdel Mapera, jina walilolitohoa kutokana na namna Wafaransa wanavyomwita padre wao. Waalimu hawa walipoanza kazi walikitumia Kiswahili kwanza, kabla hawajakimudu Kiganda. Waliojiunga nao waliitwa wasomaji, kwani katika Buganda ya wakati ule kusoma na kusali lilikuwa jambo moja. Neno hilo la kusoma, kama vile dini na kitabu, lilikuwa limepanda kutoka pwani na kukita mizizi katika lugha ya wenyeji.

Mukasa alianza mafundisho mnamo 1880. Tarehe 30 Aprili 1882 alibatizwa na Padre Lourdel na kupewa jina la Yosefu. Miongoni mwa waliobatizwa siku hiyo alikuwapo Andrea Kaggwa, ambaye naye alikuja kuuawa mwaka wa 1886. Jina lake jingine, Balikuddembe, linatokana na neno la Kiganda ddembe, yaani amani au uhuru.

Ubatizo haukumfanya Mukasa auache utumishi wake. Aliendelea kumhudumia Mutesa kwa bidii, na katika maradhi yaliyomwandama mfalme miaka yake ya mwisho, kijana huyu alikuwa miongoni mwa waliomuuguza. Katika jumba lililojaa fitina, mgonjwa humjua haraka yule anayemletea maji kwa moyo safi. Imani aliyopewa na Mutesa ilitokana na uaminifu huo wa kila siku, wala si ufasaha wa maneno.

MIAKA BILA MAPADRE

Miezi michache tu baada ya ubatizo wa Mukasa, Wakatoliki wa Buganda walipatwa na mtihani. Mnamo Novemba 1882, mapadre, kwa kuhofia usalama wao na wa watoto waliowalea, waliondoka na kuvuka ziwa hadi upande wa kusini, wakajenga kituo huko Bukumbi katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Waliwaacha nyuma waumini wachache waliobatizwa na wanafunzi ambao hawakuwa na kitabu wala kasisi.

Ingetarajiwa kwamba kundi hilo lingetawanyika kama kondoo wasio na mchungaji. Badala yake lilikua. Andrea Kaggwa aliwafundisha watu wa mji mkuu. Matia Mulumba aliwaongoza wale wa Mityana. Naye Yosefu Mukasa akawa mlezi wa wasomaji wa ndani ya jumba. Waliwakusanya wanafunzi usiku, wakawafundisha sala, na ndui na tauni zilipopita waliwatunza wagonjwa ambao jamaa zao waliwakimbia. Mapadre waliporejea Julai 1885 walikuta mamia ya watu wakingojea kubatizwa. Kazi hiyo ilifanywa na Waganda wenyewe, wengi wao wakiwa hawajatimu miaka thelathini, na hili ni jambo ambalo wasimulizi wa historia ya umisionari hawakulitilia maanani kila mara.

KABAKA MPYA

Mutesa alifariki Oktoba 1884. Mrithi wake alikuwa mwanawe Mwanga, kijana aliyekuwa na umri wa chini ya miaka ishirini, ambaye hapo awali alikuwa amewazoea wamisionari na kuonyesha hamu ya kujifunza. Wasomaji walifurahi. Kabaka mpya aliwatuma watu wake wakawarudishe mapadre kutoka Bukumbi, na akampandisha Mukasa cheo na kumfanya mkuu wa watumishi wa nyumba yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyemfikia Mwanga faraghani bila Mukasa kujua. Karoli Lwanga, aliyekuwa kijana mwenzake na bado hajabatizwa, alikuwa kiongozi wa vijana waliohudumu katika ukumbi mkubwa, chini ya usimamizi wa Mukasa.

Mapema mwaka wa 1885 baadhi ya wakuu walikula njama ya kumwondoa Mwanga na kumtawaza ndugu yake. Miongoni mwao alikuwa Katikiro, yaani waziri mkuu, ambaye naye aliitwa Mukasa. Kwa hakika kikulacho ki nguoni mwako. Njama hiyo ilifichuliwa kwa mfalme na Wakristo, Yosefu Mukasa akiwemo. Katikiro alijitupa miguuni pa Mwanga akaomba radhi, akasamehewa. Minong'ono ikaanza kuzagaa kwamba atang'olewa na nafasi yake ipewe msomaji. Katikiro hakusahau fedheha hiyo. Kumwokoa mfalme kulimpatia Yosefu Mukasa adui ambaye hakuwa na haraka.

Kulikuwa na chanzo kingine cha uhasama, nacho kilimhusu Mwanga mwenyewe. Kabaka alikuwa na mazoea ya kuwataka baadhi ya vijana watumishi watimize ashiki zake za kimwili. Waliokuwa wasomaji walikataa. Mukasa, kwa wadhifa wake, ndiye aliyepaswa kuwapeleka walipoitwa. Badala yake aliwatuma mbali kwa shughuli nyingine, akawaficha, na akawafundisha kwamba kumtii Kabaka hakumlazimishi mtu kuutoa mwili wake. Kwa mfalme ambaye kila kiumbe nchini kilihesabiwa kuwa mali yake, kukataliwa na mtoto mtumishi ilikuwa dharau isiyowahi kusikika. Naye alijua vyema ni nani aliyekuwa nyuma ya kukataa huko.

NJIA YA MASHARIKI

Wakati hayo yakitokota jumbani, nje kulikuwa kukitanda wingu zito. Mnamo 1885 Wajerumani walijitwalia ardhi bara mkabala na Unguja, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo manowari zao zilitia nanga mbele ya kasri la Sultani wa Zanzibar. Habari hizo zilifika Buganda kwa vinywa vya wafanyabiashara wa pwani. Kulikuwa pia na imani ya zamani kwamba watakaoila Buganda wangetokea mashariki, kupitia Busoga. Hofu ya Mwanga haikuwa ndoto tupu. Ramani ya Afrika ilikuwa ikichorwa upya huko Ulaya bila yeye kuulizwa.

Ni katika majira hayo ndipo James Hannington, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa eneo hilo, alipoamua kufuata njia mpya. Misafara iliyotangulia ilikuwa imezunguka kusini mwa ziwa. Yeye aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, mwezi wa Julai 1885 akiwa na wapagazi zaidi ya mia mbili, akakata mbuga za Wamaasai na kufika Kwa Sundu, mji ambao leo ni Mumias nchini Kenya. Hapo alimwacha shemasi William Jones, mmoja wa Waafrika waliookolewa utumwani na kusomea India, pamoja na sehemu kubwa ya msafara. Yeye mwenyewe akasonga mbele mnamo tarehe 12 Oktoba akiwa na watu hamsini. Hakujua kwamba kila hatua aliyopiga kuelekea magharibi ilikuwa ikitimiza utabiri uliomkosesha Mwanga usingizi.

Alikamatwa Busoga katika himaya ya chifu Luba, tarehe 21 Oktoba. Luba alituma habari kwa Kabaka akingoja maagizo. Barazani Katikiro na wakuu wengine walishikilia kwamba mgeni huyo auawe. Wamisionari, Waanglikana kwa Wakatoliki, walijaribu kumwombea. Yosefu Mukasa naye akajitokeza kumsihi bwana wake. Hoja yake haikuwa ya kigeni, wala haikuchimbuliwa katika vitabu vya Wazungu. Alimkumbusha Mwanga kwamba babake, Mutesa, hakuwahi kumwua Mzungu aliyefika nchini mwake, na kwamba haifai kumwua mtu ambaye hajapewa nafasi ya kujieleza. Kama hamtaki, na amrudishe alikotoka. Mgeni njoo mwenyeji apone: hiyo ndiyo sheria ya kale ambayo mtumishi alimwomba mfalme asiivunje.

Mukasa hakuwa na faida yoyote katika jambo hilo. Hannington hakuwa padre wake wala wa madhehebu yake, na katika miaka hiyo Wakatoliki na Waanglikana wa Buganda walikuwa wakibishana hata mbele ya mfalme. Angenyamaza, hakuna ambaye angemlaumu. Tarehe 29 Oktoba Hannington na takriban wapagazi wake wote waliuawa. Wapagazi hao, Waafrika waliobeba mizigo ya watu wengine, husahaulika mno katika masimulizi. Wanne tu ndio waliosalimika wakaipeleka habari Kwa Sundu.

USIKU WA GHADHABU

Mauaji yalipokwisha kutendeka, mwenye busara ya kidunia angeona kwamba maji yamemwagika na hayazoleki. Mukasa hakuona hivyo. Alimwendea tena Mwanga na kumweleza kwamba alikuwa amekosea. Katika jumba ambamo watu walijitupa kifudifudi kumshukuru Kabaka hata baada ya kuadhibiwa, maneno hayo yalikuwa mazito kupita kiasi.

Kisha likazuka jambo dogo lililokuja kuwa kisingizio. Katikati ya Novemba Mwanga aliumwa macho. Padre Lourdel alimtibu, akampa na kidonge cha afyuni cha kumtuliza. Baada ya kukinywa hali ya mfalme iliharibika kwa muda. Wakosoaji wa wasomaji walidakia fursa hiyo: Wakristo, walidai, wamejaribu kumpa Kabaka sumu ili kulipiza kisasi cha askofu yule. Mwanga, ambaye tayari aliona maadui kila pembe, aliamini.

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 15 Novemba alimwita Mukasa na kumkemea kwa saa nyingi. Alimlaumu kwa kumtukana kuhusu kifo cha mgeni, kwa kuwaficha vijana, na kwa kutoboa siri za jumba kwa Wazungu. Mukasa aliusikiliza mpaka mwisho. Kulipopambazuka alikwenda misheni, na masimulizi ya wamisionari yanaeleza kwamba alipokea Ekaristi asubuhi hiyo. Kisha akarudi jumbani, ingawa alijua kilichokuwa kikimngoja. Ziwa lilikuwa karibu na mitumbwi ilikuwapo. Lakini mkuu wa watumishi akitoroka, vijana waliomtegemea wangebaki mikononi mwa nani?

NAKIVUBO

Mfalme alitamka hukumu, na Katikiro akaichukua mbiombio kabla haijapoa. Mukasa alikabidhiwa Mukajanga, mkuu wa watekelezaji wa hukumu za kifo, akapelekwa Nakivubo kwenye bonde lenye kinamasi chini ya vilima vya Mengo. Walipotaka kumfunga kamba alikataa, akieleza kwamba mtu anayekufa kwa ajili ya dini hana sababu ya kukimbia.

Mukajanga alimfahamu kijana huyo na, yasemekana, alimpenda. Aidha, alimfahamu Mwanga: mfalme aliyehukumu asubuhi na kujuta adhuhuri. Kwa hivyo alijikokota, akitumaini kwamba mjumbe angetokea na kumwokoa mfungwa wake. Husimuliwa kwamba mjumbe alitumwa kweli, lakini Katikiro alikuwa amekwisha kutuma amri kwamba kazi imalizwe bila kuchelewa. Kiongozi yule ambaye mwanzoni mwa mwaka huohuo alikuwa amesamehewa kwa kumsaliti Mwanga, sasa aliharakisha kifo cha yule aliyemwokoa Mwanga na usaliti huo. Fadhila za punda ni mateke.

Kabla ya kufa, Mukasa alimpa Mukajanga ujumbe wa kumpelekea Kabaka. Alimwambia amweleze Mwanga kwamba amemhukumu bila haki, hata hivyo amemsamehe kwa moyo wote. Lakini ni heri Mwanga atubu, kwani asipotubu watakutana mbele ya Mungu na huko yeye atakuwa mshtaki wake. Ujumbe huo ulikuwa na msamaha na onyo kwa pamoja. Hata katika saa yake ya mwisho Mukasa aliendelea kufanya kazi aliyokuwa akiifanya siku zote, yaani kumtumikia mfalme kwa kumwambia lile ambalo wengine waliogopa kulitamka.

Hukumu ilikuwa achomwe akiwa hai. Mukajanga, kwa huruma aliyoweza kuionyesha, alimkata kichwa kwanza, kisha akautia mwili moto.

Masimulizi ya Waganda yanaongeza kwamba ujumbe ule ulipomfikia Mwanga ulimtia hofu kuu. Aliamuru mtu mwingine auawe, na majivu yake yachanganywe na ya Mukasa, ili huko ahera isiweze kujulikana ni nani anayemshtaki nani. Mfalme mwenye majeshi alikuwa akiogopa kesi ya mtumishi aliyekwisha kuwa majivu. Na ili kuukwepa ushahidi wa damu moja isiyo na hatia, akamwaga nyingine.

BAADA YA MAJIVU

Katikiro alitarajia kwamba kwa kumwondoa kiongozi wasomaji wangesambaratika. Kinyume chake kikatokea. Usiku uleule vijana wa jumbani walikimbilia misheni wakiomba kubatizwa. Kwa kawaida Kardinali Lavigerie, mwasisi wa Wamisionari wa Afrika, aliagiza kwamba mtu afundishwe kwa miaka minne kabla ya kubatizwa. Lakini mapadre waliona kwamba vijana hawa huenda wasiishi hata miezi minne, sembuse miaka. Karoli Lwanga alikuwa miongoni mwa waliobatizwa mara moja, na katika muda wa juma moja zaidi ya watu mia moja walipokea ubatizo. Lwanga akachukua mzigo wa Mukasa wa kuwalinda vijana.

Aliubeba kwa muda wa miezi sita na zaidi kidogo. Mwishoni mwa Mei 1886 hasira ya Mwanga ililipuka tena, na tarehe 3 Juni, Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, waliteketezwa Namugongo. Mmoja wao, Mbaga Tuzinde, alikuwa amelelewa kama mwana katika nyumba ya Mukajanga mwenyewe. Kwa jumla Wakatoliki ishirini na wawili wanatambuliwa na Kanisa kuwa mashahidi wa imani wa Uganda. Wa kwanza kati yao ni Mukasa. Waanglikana nao huwakumbuka ishirini na watatu.

Mwanga naye hakupata utulivu aliouua watu ili aupate. Mnamo Septemba 1888 alipinduliwa na wasomaji wa dini zote, Waislamu kwa Wakristo, waliohofia kwamba zamu yao imewadia. Katika kutangatanga kwake aliishia Bukumbi, kwenye misheni ya mapadre wale wale ambao aliwaua wanafunzi wao, nao wakampokea na kumpa hifadhi. Mwaka wa 1889 alirudishwa katika kiti chake kwa msaada wa Wakristo. Hata hivyo lile alilolihofu lilitimia: mwaka wa 1894 Waingereza walitangaza ulinzi wao juu ya Uganda. Mwanga aliwapiga vita mwaka wa 1897, akakamatwa mwaka wa 1899, na akafia uhamishoni Ushelisheli mwaka wa 1903 baada ya kubatizwa na kuitwa Danieli.

Wapo wanahistoria wanaomwona Mwanga kama mtetezi wa uhuru wa nchi yake, na hoja yao haiwezi kupuuzwa. Wageni walikuja kweli, na waliichukua nchi kweli. Lakini kuuawa kwa Hannington hakukuwazuia, na kuuawa kwa Mukasa kulimnyima Mwanga mtu ambaye hakuwa na sababu ya kumdanganya. Utawala unaozungukwa na hatari unamhitaji msema kweli zaidi kuliko utawala wenye amani. Na mara nyingi huo ndio unaokuwa wa kwanza kumwondoa.

HITIMISHO

Tarehe 6 Juni 1920 Papa Benedikto XV aliwatangaza Yosefu Mukasa na wenzake ishirini na mmoja kuwa wenye heri. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu mjini Roma, na mwaka wa 1969 alifika Uganda mwenyewe, akiwa Papa wa kwanza aliyeko madarakani kuizuru Afrika katika nyakati hizi. Kila tarehe 3 Juni mahujaji humiminika Namugongo kwa maelfu, wengi wao wakiwa wametembea kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania na kwingineko.

Nakivubo haipokei umati kama huo wa mahujaji. Una umati wa aina nyingine. Kinamasi kimezibwa na jiji la Kampala limejengwa juu yake. Karibu na hapo pana soko kubwa ambalo wengi hulijua kwa jina la Owino, lakini jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Wachuuzi hupaaza sauti, wapagazi hupenya katikati ya watu wakiwa na magunia mabegani, na wateja hubishania bei za mitumba tangu macheo hadi machweo. Pengine wengi wanaolitaja jina hilo kila siku hawajui kwamba ni la kijana mtumishi aliyeletwa kwenye bonde hilo bila kufungwa kamba, kwa sababu alimwonea huruma mgeni, akawalinda watoto wa watu, na akampenda mfalme wake kiasi cha kutomficha ukweli.